Sura ya Tano: Wagonjwa wa Kambi ya Pili

Usiku wa Jumapili, Oktoba 4, 2020, Juventus walifika kwenye uwanja wao mjini Turin kama wanavyofika siku yoyote ya mechi. Kikosi kilitangazwa, waamuzi walikuwepo, taa zimewashwa. Napoli hawakuwepo. Walikuwa kwao, kusini mwa Italia, na hakuna aliyekuwa uwanjani usiku ule ambaye hakujua kwamba hawatakuja. Lakini kanuni ilitaka timu mwenyeji isubiri dakika 45 kabla mchezo haujatangazwa kuwa umeshindikana, basi wakasubiri. Dakika zikaisha, watu wakaenda zao.

Wiki moja nyuma yake, Septemba 27, Napoli walikuwa wameichapa Genoa mabao 6-0. Siku iliyofuata Genoa wakatangaza kwamba watu 14 wa klabu yao, wachezaji na watumishi, wamekutwa na virusi vya korona. Siku chache baadaye Piotr Zieliński na Eljif Elmas wa Napoli nao wakakutwa navyo. Mamlaka ya afya ya Naples ikaamuru waliokuwa karibu nao wajitenge, wasisafiri. Ligi kwa upande wake ikashikilia itifaki yake: timu yenye wachezaji 13 wazima, mmoja wao akiwa kipa, inacheza. Napoli walikuwa nao zaidi ya 13. Daktari wa serikali anasema kaeni nyumbani, ligi inasema njooni uwanjani, na kila mmoja ana karatasi yake mkononi.

Oktoba 14 jaji wa michezo akawapa Juventus ushindi wa mezani wa 3-0 na kuwanyang'anya Napoli pointi moja juu yake. Napoli wakakata rufaa, wakashindwa Novemba 10. Wakapanda hadi chombo cha juu kabisa cha haki katika michezo nchini humo, na Desemba 22 wakashinda: adhabu zikafutwa, mechi ikaamriwa ichezwe. Ikachezwa Aprili 7, 2021, miezi sita baada ya tarehe yake. Juventus wakashinda 2-1. Msimu ulipofungwa, Juventus walikuwa wa nne na pointi 78, Napoli wa tano na pointi 77, na pointi hiyo moja ndiyo iliyoamua nani aende Ligi ya Mabingwa Ulaya. Tafakari ingekuwaje iwapo pointi tatu za Juventus zingetoka mezani. Msimamo usingebadilika kileleni wala mkiani, lakini nani mjini Naples angeukubali? Zilipatikana uwanjani, kwa mabao ya Cristiano Ronaldo na Paulo Dybala, na ubishi ukaishia hapo.

Habari nyingi za soka la wakati wa korona zimeandikwa kwa kumtazama mgonjwa: nani kaambukizwa, nani kalazwa, nani karudi mazoezini. Ni haki yake. Mimi katika sura hii namtazama zaidi yule mzima, timu iliyojiandaa, ikasafiri au ikapokea wageni, halafu ikaambiwa mechi haipo kwa sababu kambi ya pili ina wagonjwa. Timu hiyo haijakosa lolote. Mgonjwa naye hajakosa lolote. Kwa sababu hiyo suala hili liliwashinda watu waliozoea kuendesha soka kwa kutafuta mwenye kosa na kumwadhibu.

Lilianza mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Februari 27, 2020 Arsenal waliwakaribisha Olympiacos ya Ugiriki jijini London katika Ligi ya Europa, wakatolewa. Mmiliki wa Olympiacos, Evangelos Marinakis, alikuwepo, na baada ya mchezo alikutana na baadhi ya wachezaji wa Arsenal. Machi 10 akatangaza kwamba ameambukizwa. Kesho yake Arsenal walikuwa wacheze ugenini na Manchester City. Mechi ikaondolewa kwenye ratiba, ikiwa ya kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza kuahirishwa kwa ajili ya virusi hivyo. City hawakuhusika hata kidogo, si na Olympiacos wala na Marinakis. Machi 12 kocha wa Arsenal, Mikel Arteta, akathibitishwa kuwa mgonjwa, na Machi 13 ligi nzima ikasimama. Iliporudi Juni 17, mechi mbili ndizo zilizofungua pazia, na mojawapo ilikuwa hiyohiyo ya City na Arsenal. City walishinda 3-0 mbele ya viti vitupu.

Anayetaka kuliona suala hili kutoka kila upande aifuate Tottenham Hotspur. Sijui klabu nyingine iliyopitishwa kwenye milango yote namna ile.

Septemba 22, 2020 Tottenham walipangwa kwenda kwa Leyton Orient, klabu ya daraja la nne kutoka mashariki mwa London, katika raundi ya tatu ya Kombe la Carabao. Wakati ule klabu za madaraja ya chini hazikuwa zikipima wachezaji mara kwa mara, maana vipimo ni ghali. Tottenham wakagharamia vipimo vya wenyeji wao. Wachezaji kadhaa wa Orient wakakutwa na virusi, mechi ikavunjwa saa chache kabla haijaanza, na siku chache baadaye Orient wakatolewa mashindanoni bila kugusa mpira. Kwa klabu ndogo, usiku wa kumpokea Harry Kane na wenzake ni usiku wa fedha za televisheni na wa historia ya kusimulia wajukuu. Ulipotea wote.

Naomba msomaji alitazame tukio hili kwa makini, kwa sababu madhara yake yanavuka Orient. Timu ilipimwa, ikasema ukweli, ikaadhibiwa kama iliyotoroka. Kila katibu wa klabu ndogo aliyesoma habari ile siku ya pili yake alijifunza jambo moja: usipopima, unacheza. Kanuni inayomwondoa aliyepima inawaambia wengine wasipime, na wasiopima ndio wanaoingia uwanjani na virusi vyao, wakagongana vifua na wapinzani kwa dakika 90. Ushindi wa mezani ulionekana kama njia ya kulinda ratiba. Kwa afya za watu ulikuwa na hatari kuliko kuahirisha mechi kumi.

Desemba 30 mwaka huohuo Tottenham wakawa upande wa wazima. Fulham walikuwa waje kwao, wakawa na wagonjwa, na mechi ikaondolewa saa tatu hivi kabla ya kuanza. Kocha José Mourinho alikuwa ameshalalamika mtandaoni kwamba saa zimekwisha na bado hawajui kama wanacheza. Malalamiko yake yalikuwa na msingi. Timu inayocheza jioni haianzi kazi jioni. Siku mbili kabla inapunguza mazoezi ili miguu ipumzike, makocha wanakaa na picha za mpinzani, wachezaji wanaoneshwa kona zitakavyopigwa na nani atamkaba nani. Siku yenyewe chakula kinaliwa kwa saa zake. Ukiwaambia saa tatu kabla kwamba hakuna mechi, umewapotezea siku tatu za mwili, na mwili hauzirudishi kwa barua ya samahani.

Kisha upepo ukageuka. Tottenham walikuwa wacheze na Aston Villa Januari 13, 2021. Villa wakapata wagonjwa wengi kiasi kwamba Januari 8 waliingia kwenye Kombe la FA dhidi ya Liverpool na vijana wa akademi, wakafungwa 4-1. Mechi yao na Tottenham ikafutwa, na ile nafasi tupu wakapewa Fulham, kwa taarifa ya siku mbili. Sasa Fulham walikuwa wazima, wanajiandaa kwa mchezo mwingine, na walitakiwa wabadilishe kila kitu kwa sababu ya wagonjwa wa klabu ya tatu ambayo haikuwa hata kwenye mechi hiyo. Kocha wao, Scott Parker, alikasirika hadharani. Timu zikatoka 1-1. Fulham walishuka daraja mwisho wa msimu, na singependa kusema ni kwa ajili ya usiku ule, maana walishuka kwa pengo kubwa. Ila ratiba ikishaanza kuziba matundu yake kwa kuwavuta walio tayari kwa jambo jingine, mzigo huenda kwa yeyote aliye karibu.

Desemba 2021, na kirusi aina ya Omikroni, Tottenham wakawa wagonjwa wenyewe. Kocha Antonio Conte alisema wachezaji wanane na watumishi watano wameambukizwa. Mechi yao ya Desemba 9 na Rennes ya Ufaransa, katika Ligi ya Konferensi, haikuchezwa. Rennes walikuwa wameshafika London, na walikataa tarehe nyingine. Kanuni za UEFA zilitaka hatua ya makundi iishe kabla ya mwaka kwisha. Desemba 20 Rennes wakapewa ushindi wa 3-0 wa mezani, Tottenham wakatoka mashindanoni. Klabu iliyosonga mbele kwa ugonjwa wa Orient ikatolewa kwa ugonjwa wake, na mara zote mbili hakuna mpira uliopigwa.

Nchini Uingereza wakati huo Ligi Kuu ilikuwa inameguka. Wikiendi ya Desemba 18 na 19, mechi sita kati ya kumi ziliahirishwa. Ya Aston Villa na Burnley iliondolewa siku yenyewe. Chelsea waliomba nao, wakakataliwa, wakacheza na Wolves wakiwa na benchi jembamba, na kocha wao Thomas Tuchel hakuficha hasira. Kanuni ilisema klabu inaweza kuomba kuahirishiwa ikiwa haina wachezaji 13 wa ndani na kipa mmoja. Udhaifu wake ni kwamba ilihesabu waliokosekana wote kwa pamoja: mgonjwa wa korona, aliyevunjika mguu, hata aliyekwenda kuchezea taifa lake.

Udhaifu huo ukafika kilele Januari 16, 2022. Arsenal walikuwa waende kwa Tottenham, watani wao wa kaskazini mwa London. Aliyeripotiwa kuwa na korona alikuwa mmoja. Wengine walikuwa majeruhi, Thomas Partey na wenzake wako Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Kamerun, Granit Xhaka ana kadi nyekundu, na wengine klabu yenyewe ilikuwa imewatoa kwa mkopo siku chache nyuma. Arsenal wakaomba, wakakubaliwa. Hawakuvunja kanuni yoyote. Tottenham wakatoa taarifa ya mshangao mkubwa, na kabla ya mwezi kwisha klabu zikakaa na kukubaliana kwamba kuanzia Februari 5 ombi lisipokelewe bila wagonjwa wanne wa korona waliothibitishwa. Ni kanuni nzuri. Ilikuja baada ya mechi zaidi ya 20 kuwa viporo.

Mwisho wa kiporo hicho unafundisha kuliko kanuni. Kilichezwa Mei 12. Januari Son Heung-min wa Tottenham alikuwa majeruhi. Mei alikuwa mzima na alifunga. Kane alifunga mawili. Tottenham 3, Arsenal 0. Ligi ilipokwisha Tottenham walikuwa wa nne na pointi 71, Arsenal wa tano na 69. Aliyelalamika ndiye aliyefaidika, na aliyeomba nafuu akakosa Ligi ya Mabingwa. Watu husema timu huahirisha kwa ujanja. Huenda zipo zilizojaribu. Lakini hakuna mjanja anayejua Januari nani atakuwa na miguu Mei.

Kwetu Afrika mambo yalikuwa na sura nyingine, kwa sababu mipaka ilikuwa na sauti kubwa kuliko ratiba. Oktoba 18, 2020 Zamalek waliifunga Raja 1-0 mjini Casablanca, mkondo wa kwanza wa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Marudiano Cairo yalikuwa Oktoba 24. Raja wakapata wagonjwa, mamlaka za Morocco zikawaweka karantini, CAF ikasogeza mechi hadi Novemba 1, kisha hadi Novemba 4. Zamalek wakashinda 3-1. Waliongoja zaidi ni Al Ahly, ambao walikuwa wameshafuzu tangu Oktoba. Fainali ilisogezwa hadi Novemba 27, wakaishinda 2-1. Ilichelewa, lakini ilichezwa, na bingwa wa mwaka ule hakuna anayemtilia shaka.

Kisha Namungo. Klabu ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilikuwa kwenye safari yake ya kwanza ya Afrika, katika Kombe la Shirikisho. Februari 2021 ilikwenda Luanda kucheza na 1º de Agosto ya Angola, mechi ikiwa Februari 14. Tanzania wakati huo ilikuwa haijatoa takwimu mpya za korona tangu Aprili 29, 2020, wagonjwa walipotajwa kuwa 509, na msafiri yeyote mwenye pasipoti yetu alitazamwa kwa mashaka kwenye viwanja vya ndege. Namungo walipopimwa, baadhi ya watu wa msafara wakakutwa na virusi. Mamlaka za Angola zikataka karantini. Mechi haikuchezwa.

Hapa njia rahisi ilikuwepo, ileile ya Orient na Rennes: 3-0 za mezani, Namungo warudi nyumbani, faili lifungwe. CAF haikuifuata. Iliamua mikondo yote miwili ichezwe Dar es Salaam. Februari 21, kwenye uwanja wa Azam Complex, Chamazi, Namungo walishinda 6-2. Februari 25 waliwapokea tena, wakafungwa 3-1, na wakafuzu hatua ya makundi kwa jumla ya 7-5. Ni kweli kwamba Waangola walinyimwa mechi ya nyumbani, na hilo halikuwa jambo dogo. Klabu yoyote ingelalamika, nasi tungelalamika ingekuwa Namungo. Hata hivyo walipewa dakika 180 na mabao matano wakayapata. Namungo wakaenda kwenye kundi moja na Raja, walewale wa karantini ya Casablanca, ambao mwishowe ndio waliotwaa kombe lile.

Wapo waliosema wakati ule, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba mechi zisiahirishwe kamwe: aliye mzima acheze, aliyepungukiwa aingie na alionao. Nawaomba watazame mechi mbili.

Novemba 27, 2021, Lisbon, Belenenses SAD waliingia uwanjani dhidi ya Benfica wakiwa wachezaji tisa, wawili kati yao makipa, mmoja akiwa amepangwa katikati ya uwanja. Wengine walikuwa na Omikroni au wametengwa. Hadi mapumziko ilikuwa 7-0. Kipindi cha pili walirudi saba, kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa. Dakika ya 48 yule kipa aliyekuwa akicheza ndani akashindwa kuendelea, wakabaki sita, na mwamuzi akamaliza mchezo. Benfica hawakushangilia. Hakuna aliyepata alichokuja kukitafuta, si wachezaji, si waliolipa kiingilio, si televisheni iliyotaka dakika 90.

Ya pili inatuhusu kwa karibu zaidi. Komoro, ndugu zetu wa baharini, walikuwa kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yao. Januari 18, 2022, mjini Garoua, waliifunga Ghana 3-2, visiwa vile vidogo vikaitoa mashindanoni timu yenye makombe manne. Wakafuzu hatua ya 16 bora kukutana na wenyeji Kamerun. Siku mbili kabla ya mechi ikatangazwa kwamba watu 12 kambini wana virusi, kocha Amir Abdou akiwa mmoja wao. Makipa wawili walikuwa kwenye orodha hiyo. Kipa wa tatu, Salim Ben Boina, alikuwa ameumia bega dhidi ya Ghana. Kanuni ya CAF kwa mashindano yale ilisema timu yenye wachezaji 11 inacheza hata kama haina kipa, na yenye pungufu inapoteza kwa 2-0. Kuahirisha hakukuwemo.

Basi Januari 24, uwanja wa Olembé, Yaoundé, beki wa kushoto Chaker Alhadhur alisimama golini akiwa na jezi ya kipa iliyobandikwa namba 3 kwa utepe. Dakika ya saba nahodha Nadjim Abdou akapewa kadi nyekundu. Watu kumi, golini beki. Alhadhur akaokoa mpira, akaokoa mwingine, akajirusha kama mtu aliyefanya kazi ile maisha yake yote. Karl Toko Ekambi akafunga dakika ya 29, Vincent Aboubakar dakika ya 70. Dakika ya 81 Youssouf M'Changama akapiga mpira wa adhabu kutoka mbali, moja kwa moja wavuni. Kamerun 2, Komoro 1. Nje ya uwanja usiku uleule watu wanane walikufa katika msongamano langoni, msiba unaofanya kila jambo jingine la siku ile liwe dogo.

Ulimwengu uliwapigia makofi Wakomoro, na walistahili. Mimi niliona pia dhuluma. Ushujaa wa Alhadhur umetumika tangu siku ile kuifunika kanuni iliyomlazimisha awe shujaa. Ben Boina na wenzake walikuwa wamefanya kazi ya miaka kuifikisha nchi yao pale, halafu mechi kubwa kuliko zote ikachezwa bila kipa kwa sababu ratiba haikuwa na siku tatu za ziada. Kamerun nao walidhulumiwa: walishinda, lakini ni ushindi ambao kila anayeusimulia huanza na beki aliyekuwa golini.

Msimamo wangu baada ya kuzipitia mechi hizi ni kwamba mechi iliyoahirishwa bado inadaiwa, na inaweza kulipwa. Iliyotolewa mezani au kuchezwa na watu sita hailipiki tena. Kwa hiyo kuahirisha kuwe ndiyo njia ya kwanza, lakini kwa masharti yaliyoandikwa wakati kila mtu ni mzima: wagonjwa wangapi waliothibitishwa na maabara, nani asiye wa klabu yoyote anathibitisha, taarifa itolewe siku ngapi kabla, nani anamlipa aliyesafiri bure, na kila mashindano yaache siku tupu kwenye kalenda yake badala ya kuijaza hadi ukingoni. Na amri ya daktari wa serikali iwe juu ya itifaki ya ligi, iandikwe hivyo kwa maneno mepesi, ili klabu isije ikaadhibiwa kwa kutii sheria za nchi.

Nawasihi wanaoandika kanuni pale TFF, FKF, FUFA na CAF walifanye sasa. Nchi zetu zimeona Ebola, zimeona Marburg, na timu zetu zinavuka mipaka hiyo kila msimu. Namungo waliokolewa mwaka 2021 na uamuzi wa dharura uliotolewa ndani ya siku chache. Klabu itakayofuata inastahili kuokolewa na kanuni.